Baada ya kitabu cha mtihani, msomaji asome nini?

Mkenya aliyesoma Kiswahili hadi kidato cha nne akiulizwa ni riwaya ipi iliyomgusa zaidi, aghalabu jibu lake hufichua umri wake. Anayetaja Siku Njema si wa rika moja na anayetaja Kidagaa Kimemwozea, naye huyu hakukalia dawati moja na yule wa Chozi la Heri. Kila kizazi kina kitabu chake, na wengi hukizungumzia kwa mapenzi ya dhati hata miaka 20 baada ya mtihani.

Swali la pili ndilo huleta kimya. Je, baada ya hicho, umesoma riwaya gani nyingine ya Kiswahili? Hapo wengi hukuna vichwa.

Kimya hicho si dalili ya uvivu pekee. Vitabu teule vya fasihi hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilitahiniwa kuanzia 2013 hadi 2017, ikaipisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei iliyodumu hadi 2022, kisha ikaja Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Riwaya inapoondoka kwenye orodha hiyo, wanafunzi hawainunui tena, maduka hupunguza kuiagiza na mchapishaji hukosa sababu ya kuipiga chapa upya. Baada ya muda huonekana tu kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika kando ya barabara, ikiwa na majina ya wanafunzi watatu au wanne kwenye jalada la ndani.

Kwa sababu hiyo, msomaji anapomwambia mwenzake "kisome hiki" hafanyi porojo. Kwa riwaya nyingi za Kiswahili zisizotahiniwa, hilo ndilo tangazo pekee zitakalowahi kupata.

Tatizo ni namna ya kupendekeza. Kumwambia mtu asome "kitabu kizuri" hakumsaidii, kwani uzuri una sura nyingi. Njia iliyo bora ni kumuuliza ni jambo gani hasa lililomshika katika kitabu alichokipenda, kisha kulifuata jambo hilo hadi kitabu kingine.

Safari ya Kongowea

Tuanze na Siku Njema, riwaya ya Walibora iliyotoka mwaka wa 1996. Waliovutiwa nayo hukumbuka zaidi safari ya Kongowea, kijana aliyelelewa Tanga na akafunga safari hadi Kenya kumsaka babake. Aliyeguswa na uchungu wa mtoto anayetafuta mzazi hana budi kusoma Nasikia Sauti ya Mama, tawasifu ya Walibora mwenyewe. Mwandishi huyo, aliyekuwa pia mtangazaji na mhadhiri, alifariki jijini Nairobi Aprili 2020, na kitabu hicho kinamrejesha kwa msomaji kwa sauti yake mwenyewe.

Kutoka hapo, hatua ya kwenda kwa Shaaban Robert ni fupi. Yeye pia ni wa Tanga, na aliandika habari za maisha yake katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Tena, mamake Kongowea alikuwa mwimbaji wa taarab. Anayetaka kujua mwimbaji wa kike aliishi vipi katika zama zilizomtazama kwa jicho la dharau, asome Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert kuhusu mwanamke aliyetoka kijijini Fumba, Unguja, hadi kurekodi nyimbo zake Bombay mnamo 1928.

Mabinti waliofungiwa

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa 1980, inamhusu Maimuna, binti anayefungiwa nyumbani na babake, Bwana Maksuudi, na ambaye anapotoroka huangukia dunia asiyoijua. Kitabu cha kuambatana nacho ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, kilichotoka miaka tisa kabla yake, mnamo 1971.

Rosa ni binti wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Baba yake, Zakaria, anamlinda kwa kiboko. Anapokwenda shuleni na kuwa mbali na jicho la baba, hana silaha ya kujilinda maana hakuwahi kufundishwa kuamua jambo lolote. Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa madai kwamba ilikiuka maadili. Msomaji wa leo ataona kuwa lawama ya mwandishi ilielekezwa kwa malezi, wala si kwa msichana.

Kuzisoma riwaya hizo mbili kwa kufuatana kuna faida ambayo kusoma moja hakuna. Maimuna ni wa jamii ya Waislamu wa pwani, Rosa ni wa jamii ya Wakatoliki wa bara, lakini mlango uliofungwa ni mmoja. Anayetaka kuona mada hiyo katika kalamu ya mwanamke wa kizazi kipya na aitafute Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar, iliyoshinda tuzo ya Mabati-Cornell.

Dhuluma na jasho

Wengi waliosoma Kidagaa Kimemwozea walikasirishwa na Mtemi Nasaba Bora kwa unyakuzi wake wa ardhi. Hasira hiyo itapata chakula kingine katika riwaya za Adam Shafi. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) inaonyesha maisha ya watumwa wa majumbani na mashambani, ambao hawakuitwa watumwa, katika Zanzibar ya kabla ya mapinduzi ya 1964. Kuli (1979) inawahusu wapagazi wa bandarini na mgomo wao.

Hata hivyo, anayeanza kumsoma Shafi aanze na Vuta N'kuvute (1999). Humo mna Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mwenye umri wa kumzaa, na Denge, kijana anayewindwa na serikali ya kikoloni. Siasa na mapenzi vimesukwa pamoja kiasi kwamba kurasa hujifungua zenyewe. Amil Shivji aliitengenezea filamu mnamo 2021.

Mwaka huohuo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake Paradise ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mnamo 2022 kwa jina Peponi. Aliyempenda Denge wa Shafi atavutiwa na Yusuf wa Gurnah, mvulana anayekabidhiwa kwa tajiri ili kulipia deni la babake, kisha akasafiri na misafara ya biashara hadi bara. Wahusika hawa huwaza kwa Kiswahili, na katika tafsiri hiyo ni kana kwamba wamerudi kwao.

Jeraha la nyumbani

Chozi la Heri iliwafikia vijana ambao wengi wao walikuwa watoto wadogo wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Masaibu ya Ridhaa na familia yake yaliwapa picha ya yale ambayo wazazi wao huenda hawapendi kuyasimulia. Walio katika hali hiyo wanapaswa kusoma Kufa Kuzikana ya Walibora, inayosawiri urafiki wa vijana wawili wa makabila hasimu. Ilichapishwa mnamo 2003, miaka minne kabla ya ghasia hizo. Anayeisoma sasa hawezi kudai kuwa nchi haikuonywa.

Nchi zisizo ramanini

Wapo wasomaji wanaopenda mambo ya ajabu yenye fumbo ndani yake. Hao waanze na Kusadikika ya Shaaban Robert ya mwaka wa 1951. Ni kitabu chembamba kuhusu nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria na anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita walioadhibiwa kwa kuleta habari njema. Hiki kiliandikwa chini ya utawala wa kikoloni, na aliyekuwa na masikio alisikia.

Baada yake isomwe Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Mkenya aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980. Jina lenyewe ni fumbo jepesi: wale ni sisi. Ndipo msomaji awe tayari kwa Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, na hatimaye Nagona na Mzingile za Kezilahabi. Hizo mbili za mwisho ni fupi lakini nzito, nazo zimewafukuza wengi walioanza nazo. Zisiwe lango la mtu yeyote.

Naye anayetaka kujiburudisha tu asione haya. Hadithi za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale iliyotoka 1960, zingali tamu, na Bwana Msa na kiko chake hajazeeka.

Kusoma bila kutahiniwa

Limebaki jambo moja, nalo ni tabia iliyoachwa na darasa. Aliyezoea kusaka maudhui, mbinu na sifa za wahusika hujikuta akisoma riwaya kama anayetafuta sindano kwenye nyasi. Hakuna swali la insha litakaloulizwa safari hii. Neno la pwani lisiloeleweka mara nyingi hujifafanua katika ukurasa wa pili, na likikataa, kamusi ipo. Kitabu kikichosha baada ya kurasa 50, kinaweza kuwekwa kando bila dhambi na kingine kikafunguliwa.

Anayekosa kitabu dukani asiondoke kimya. Alitaje jina la kitabu na la mwandishi, aombe kiagizwe, na aulize pia katika maktaba ya umma. Muuza vitabu asiyewahi kuulizwa Rosa Mistika hana sababu ya kuiweka rafuni. Na aliye na nakala yake ya zamani ya Siku Njema nyumbani anaweza kuanza leo: ampe mwanawe au jirani, amuulize baada ya wiki mbili ni wapi palipomgusa, kisha amtajie kitabu cha pili.