Hadithi za Kirundi katika vitabu vya picha: nini hubaki, nini hupotea njiani?

Katika mtaa wa Mutanga Nord, ulioko tarafa ya Ntahangwa jijini Bujumbura, mtoto wa miaka saba anaweza kusoma kwa Kifaransa kisa cha msichana mwenye kofia nyekundu, akatazama katuni za Kiingereza kwenye simu ya mama yake, na bado asiwe amewahi kusikia, tangu mwanzo hadi mwisho, kisa hata kimoja cha igisizimwe, zimwi la masimulizi ya Kirundi. Kisa hicho hakijasahauliwa, kwani bibi yake anakijua. Ila bibi anaishi mashambani, na mtoto humwona wakati wa likizo tu.

Wazazi wengi wa mjini wanaotaka kuziba pengo hilo hutafuta kitabu cha picha: hadithi ya kale iliyofupishwa, ikachorwa na kuchapishwa kwa rangi. Jambo linaonekana jepesi. Kwa kweli, kuihamisha hadithi kutoka kinywani kwenda kwenye karatasi ni kazi yenye maamuzi mengi, na kila uamuzi una gharama yake.

Warundi wana majina mbalimbali kwa masimulizi yao. Kuna imigani, yaani hadithi na methali. Kuna ibisokozo, ambavyo ni vitendawili, hufunguliwa kwa neno "Sokwe" kama vile Mswahili asemavyo "Kitendawili" na kujibiwa "Tega". Kisha kuna ibitito, hadithi zinazochanganya maneno na wimbo. Hizi za mwisho ndizo zinazompa mchapishaji tabu kubwa.

Chukua mfano wa kisa kinachojulikana kwa namna nyingi Afrika Mashariki na hata kusini mwa bara: zimwi linamteka msichana, linamfungia ndani ya ngoma, na kuzunguka naye vijijini likidai chakula. Kila linapoipiga ngoma, msichana huimba. Siku moja wanafika kwao, na wazazi wanaitambua sauti ya binti yao. Hapa wimbo ndio ufunguo wa kisa kizima. Msimulizi huuimba, watoto huitikia, na unaporudi mara ya tatu au ya nne wote wanaujua. Kitabu hakina sauti. Mwandishi akiyaweka maneno ya wimbo mara moja tu ili kuokoa nafasi, mtoto hataelewa kwa nini mama aliruka kutoka kitini.

Na nafasi kweli ni haba. Vitabu vingi vya picha duniani huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa uchapishaji hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya 8, 16 na 32. Hadithi iliyokuwa ikijaza jioni nzima hubanwa katika maneno mia chache. Yanayokatwa mara nyingi ni marudio, ambayo mhariri huyaona kama maneno ya ziada, ilhali msimulizi huyategemea ili mtoto akumbuke.

Picha nazo zina ukali wao. Kwenye simulizi, kila msikilizaji hulichora zimwi lake kichwani, kwa kadiri ya hofu yake. Mchoraji akishalipa meno na manyoya, limekwisha kuwa hilo. Swali huwa gumu zaidi kwa Samandari, mjanja wa masimulizi ya Burundi anayewaumbua wakubwa kwa ulimi wake, ndugu wa karibu wa Abunuwasi wa pwani. Avikwe impuzu, vazi la gome la mti la enzi za wafalme, au kaptula ya wakati wa Wabelgiji? Mchoraji akichagua moja, amekwisha kuamua Samandari aliishi lini na alikuwa akimcheka nani.

Njia hii imepitiwa na wengine. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizozipata Zanzibar, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwaka 1901 George Bateman alitoa Chicago kitabu cha hadithi za Zanzibar, kikiwa na michoro ya Walter Bobbett; kisa cha nyani, papa na punda wa dobi kimo humo, lakini kwa Kiingereza peke yake. Mtoto wa Marekani alipata hadithi yenye picha miaka mingi kabla ya mtoto wa Unguja. Hata karne moja baadaye mambo hayakuwa yamegeuka sana: kitabu cha John Kilaka, mchoraji wa Kitanzania wa mtindo wa Tingatinga, kuhusu wanyama na samaki wabichi, kilitoka kwanza Uswisi, kwa Kijerumani.

Ireland ina funzo la aina mbili. Mwaka 1888 mshairi W. B. Yeats alitoa mkusanyo mashuhuri wa hadithi za wakulima wa nchi hiyo, na baada yake vitabu vya picha vya watoto vikafuata, sehemu kubwa vikiwa kwa Kiingereza, ingawa nyingi za hadithi hizo zilikuwa zikisimuliwa kwa Kiairishi. Hadithi zikasafiri dunia nzima. Lugha ikabaki nyuma. Douglas Hyde, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Ireland, alijaribu njia nyingine mwaka 1890 kwa kuchapisha lugha zote mbili bega kwa bega.

Funzo la pili linatia moyo. Kati ya mwaka 1937 na 1939 wanafunzi wapatao 50,000 wa shule 5,000 hivi za msingi nchini humo walitumwa kuwauliza wazee wao hadithi na mila, kisha kuziandika kwenye madaftari. Zilipatikana kurasa karibu 740,000, ambazo leo zinasomeka bure mtandaoni. Kazi hiyo ilifanywa na watoto wenye kalamu na madaftari.

Burundi haianzi kutoka sifuri. Padre F. M. Rodegem alichapisha mkusanyo mkubwa wa methali mwaka 1961 na anthologia ya fasihi simulizi ya Kirundi mwaka 1973, japo ni vitabu vya wasomi, havikulengwa kwa mtoto. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Hadithi, ambazo hazina jukwaa wala watalii, zimeachiwa familia.

Jirani naye amepiga hatua. Shirika la uchapishaji la Bakame, lililoanzishwa Rwanda mwaka 1995 na kupewa jina la sungura mjanja, limetoa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Mrundi huelewa lugha hiyo, lakini si bila kukwaruzwa: fisi ni impyisi kule, imfyisi huku, na mtoto anayejifunza kusoma hugundua tofauti hiyo mara moja. Isitoshe, tangu Januari 2024, Burundi ilipoufunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda, kitabu hakiwezi kuvuka barabarani kama zamani.

Kikwazo kingine ni fedha. Uchapishaji wa rangi hushuka bei pale nakala zinapokuwa nyingi, na soko la vitabu vya watoto vya Kirundi bado ni dogo, ingawa Kirundi ndicho lugha ya kufundishia katika miaka ya kwanza ya shule za umma. Mzazi wa Mutanga Nord mwenye uwezo wa kununua kitabu mara nyingi ndiye aliyempeleka mwanawe shule inayofundisha kwa Kifaransa. Mtoto wa mashambani anayesoma Kirundi vizuri hana duka la vitabu karibu.

Ndiyo maana baadhi ya watetezi wa usomaji hupendelea leseni huria, kama inayotumiwa na African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014: hadithi yenye picha huwekwa mtandaoni, na yeyote anaruhusiwa kuitafsiri, kuibadili na kuichapa hata kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ubora hutofautiana sana, na baadhi ya michoro haina uhusiano na mahali hadithi ilipotoka. Lakini faili la namna hiyo linaweza kuambatana na kitu ambacho karatasi haiwezi kukibeba: sauti ya bibi iliyorekodiwa kwa simu, akiimba wimbo wa msichana aliye ndani ya ngoma, na wajukuu wakimwitikia.