Jarida la misitu lifike mpaka shambani



Kila mara tukitoka Kasapa kukutana na wakulima na wachoma makala, neno moja linarudi: « Bale ba université banaandikaka mingi, lakini ku shamba hatuone kintu. » Neno hilo tunalikubali. Na hasara yake iko kubwa: pori linasogea mbali, baiskeli za makala zinatoka mbali zaidi.

Tuangalie mfano mmoja. Katika miaka ya 1930, kule Ndola, Zambia, karibu kilometa 200 kutoka Lubumbashi, wataalamu walipima viwanja katika pori la miombo, sawa na letu. Vingine havikuchomwa kabisa. Vingine vilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa na unyevu bado. Vingine vilichomwa kila mwaka mwisho wa kiangazi. Mwaka 1959, Trapnell aliandika matokeo katika jarida la Uingereza, Journal of Ecology. Moto wa kuchelewa uliua miti, nyasi zikashika nafasi. Kwenye moto wa mapema, na pasipo moto, msitu uliendelea.

Sababu ni hii: muputu ukikatwa, kisiki kinachipua. Mwezi wa 9 na wa 10 machipukizi yanakuwa laini, nyasi zimekauka kabisa, moto unakuwa mkali. Ukipita kila mwaka, kisiki kinachoka na kufa.

Habari hiyo ilikaa kwa Kiingereza, kati ya majedwali na majina ya kilatini. Mwenye kibiriti mkononi hakuisoma.

Sisi tunaona kila andiko juu ya misitu lingetoka na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye kujibu maulizo manne. Kwa andiko la Ndola, ungekuwa hivi:

– Kazi gani? Kuchoma nyasi mapema kuzunguka mahali palipokatwa miti ya makala, moto usiingie baadaye.

– Wakati gani? Mwezi wa 5 na wa 6, jioni, upepo ukiwa mdogo.

– Inadai nini? Watu wa kutosha, matawi mabichi ya kuzimia moto, na mapatano na majirani na chefu wa kijiji.

– Inashindwa wapi? Nyasi zikiwa zimekauka sana, ao jirani akiwasha moto wake mwezi wa 9.

Ulizo la mwisho ndilo waandishi wanasahau sana, lakini ndilo linaokoa kazi ya mkulima.

Jarida nalo liko na lazima ya ninyi. Chagueni visiki 10, mvitie alama ya rangi. Kila mwaka mwandike: machipukizi mangapi yako hai, moto ulipita mwezi gani. Daftari ya shule inatosha. Mtafiti akikuja siku mbili na kurudi mjini, hawezi kupata habari hiyo peke yake.

Kwenye mkutano ujao, kila koperative ilete daftari yake na ulizo moja juu ya pori lake. Hapo ndipo ukurasa unaofuata utaanzia.