The Lobster: Muvi Inayokupa Siku 45 Upate Mpenzi, Ukikosa Unageuzwa Mnyama

Wacha tuanze na punda. Mvua inanyesha, mwanamke anaendesha gari huko mashambani, anasimama, anashuka na bastola, anamwendea punda aliyekuwa anajilia nyasi zake na kumpiga risasi. Anarudi kwa gari. Hakuna anayekuelezea kitu. Hivyo ndivyo The Lobster inaanza, na kama ulikuwa unatafuta muvi ya mapenzi ya kukulaza ukitabasamu, buda, umepotea njia.

Baadaye kidogo, ukishajua sheria za hiyo dunia, ndio utajiuliza: kwani huyo punda alikuwa nani?

Sheria ni hivi. Kuwa singo ni kosa. Ukiachwa, ukifiwa, au ukikosa tu bahati, unapelekwa hotelini na kupewa siku 45 upate mtu. Zikiisha bila mtu, unageuzwa mnyama, ila wanakuachia uchague mnyama gani. Colin Farrell ni David, jamaa wa masharubu na kitambi, bibi yake amemwacha na kwenda kwa mwanaume mwingine. Anaingia hotelini na mbwa. Huyo mbwa ni brathake, alipitia hapo zamani na akashindwa. Meneja, Olivia Colman, anaeleza kuwa watu wengi huchagua mbwa, ndiyo maana mbwa wamejaa duniani. David anasema yeye anataka kambakoche: anaishi zaidi ya miaka mia, damu yake ni ya buluu kama ya wakuu, na hazeeki kwenye mambo ya kuzaa. Meneja anamsifu kwa chaguo zuri. Hakuna anayecheka hapo isipokuwa wewe.

Na hiyo ndiyo siri ya hizi komedi za giza. Yorgos Lanthimos, mwelekezi Mgiriki aliyeandika hii stori na mwenzake Efthimis Filippou, anawafanya waigizaji waongee kama mtu anayekusomea masharti ya mkopo wa simu. Sauti haipandi, haishuki. Siku ya kwanza David anafungwa mkono mmoja nyuma ya mgongo, ati aone vile maisha ni rahisi vitu vikiwa viwili. Jamaa mwingine anashikwa akijifurahisha peke yake chumbani, wakati wa kiamshakinywa mkono wake unaingizwa kwa tosta mbele ya wageni wote. Ukitaka kuongezewa siku, unaenda msituni kuwinda makapera waliotoroka. Kila unayemshika, siku moja zaidi. Kama bonasi.

Lakini kilichonimaliza mimi ni kitu kidogo. Kila kapo lazima wawe na kitu kimoja wanachofanana, la sivyo hawahesabiki. Kuna jamaa anayechechemea (Ben Whishaw) na hajapata manzi anayechechemea. Basi anamlenga msichana anayetokwa damu puani, na anaanza kugongagonga pua yake kisirisiri ndio na yeye atokwe damu. Wanaoana. Kila siku anajiumiza ili asipoteze ndoa.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mimi mwenyewe nishawahi kujifanya shabiki sugu wa Gor Mahia miezi minne kwa sababu ya dem fulani. Nilinunua jezi. Nilijifunza nyimbo. Hata ofsaidi sikuwa naielewa.

David naye anajaribu mbinu hiyo hiyo, anajifanya hana roho ili apatane na mwanamke asiye na roho. Mwanamke anamjaribu kwa kumuua yule mbwa kwa mateke. Sitakuambia zaidi ya hapo, ila David anaishia msituni kwa wale makapera.

Hapa ndipo wasee wengi hudhani muvi itawapigia makofi masingo. Wapi! Msituni kuna dikteta mwingine, Léa Seydoux, na huko kupenda ndio kosa. Kila mtu anachimba kaburi lake mwenyewe. Mkicheza muziki, kila mmoja na hedifoni zake, peke yake. Ukishikwa ukimbusu mtu, midomo inakatwa. Ukiangalia vizuri, ni hoteli ile ile iliyogeuzwa juu chini. Shangazi anayekuuliza utaoa lini kila harusi, na yule beshte anayekutoa kwa mbogi siku ukipata mtu, wote wamo humu.

Na David anapenda kweli huko, anampenda mwanamke mwenye shida ya kuona mbali kama yeye (Rachel Weisz, ndiye pia anayesimulia). Lakini hicho cha kufanana kikiondoka, anaingia baridi. Anaanza kumhoji, labda kuna kingine wanachofanana. Ametoroka hoteli, lakini sheria ya hoteli amebeba kichwani. Mwisho wake ni kwa mkahawa, kuna kisu cha kukatia nyama na choo, na muvi inaisha kabla hujajua alifanya nini. Watu bado wanabishana.

Walishuti Ireland mwaka 2014, ikashinda Tuzo ya Jopo la Majaji kule Cannes 2015, na stori yenyewe ikateuliwa kwa Oscar. Ikikupendeza, tafuta Dogtooth ya 2009, ya Lanthimos huyo huyo, ila hiyo ni noma zaidi.

Onyo moja tu: usiitazame deti ya kwanza. Mimi nilifanya hivyo. Ilipoisha dem akaniuliza ningegeuka mnyama gani. Nikasema mbwa. Akaanza kutafuta viatu vyake.