Bwana Vavilov na Akiba ya Mbegu

Ndugu wanachama,

Wahenga walisema akiba haiozi. Mara hii twapenda kuwahadithia habari za bwana mmoja wa Urusi, ambaye akiba yake haikuwa fedha wala dhahabu, bali mbegu.

Bwana Nikolai Vavilov alizaliwa Moscow mwaka 1887. Alifahamu kwamba mwenye kutaka kuzalisha mbegu bora hana budi kwanza awe na mbegu za namna nyingi za kuchanganya: hii yavumilia baridi, ile yastahimili ukame, nyengine haishikwi na maradhi. Basi akasafiri nchi baada ya nchi, akafika hata Uhabeshi mwaka 1927, akikusanya mbegu za wakulima. Kufikia mwaka 1940 ghala yake mjini Leningrad ilikuwa na mafungu ya mbegu zaidi ya laki mbili.

Lakini hasidi hakosekani. Trofim Lysenko, aliyeipinga elimu ya urithi na kupendwa na Stalin, alimpiga vita. Agosti 1940 Bwana Vavilov alikamatwa, na tarehe 26 Januari 1943 akafa gerezani Saratov, amedhoofu kwa njaa. Mwaka 1955 ndipo serikali ilipomsafisha jina.

Huku nyuma Leningrad ilizingirwa na majeshi ya Wajerumani, watu wakafa njaa kwa malaki. Wasaidizi wake hawakuiacha ghala. Kadhaa wao walikufa kwa njaa, na mpunga na njugu zi papo hapo karibu nao, wasizile.

Je, haya yatuhusu nini sisi? Mikarafuu yetu asili yake ni visiwa vya Maluku, nayo imetokana na miche michache iliyovushwa bahari. Ni jamaa wa tumbo moja. Maradhi yauayo mmoja yaweza kuua wengi, na wazee wetu wameona mikarafuu mizima ikinyauka ghafla. Tena mbegu ya mkarafuu haiwekeki kama ngano, ikikauka imekufa. Ghala yetu ni shamba lenyewe.

Kwa hivyo, ndugu, ukiuona mkarafuu uliosimama mzima kati ya wenziwe waliokufa, usiukate. Utie alama, yaache baadhi ya matunda yake yaive, uziatike mbegu zingali mbichi, kisha utuletee habari chamani.

Wabillahi taufiq.

Katibu wenu