Tiba ya Mazungumzo kwa Sonona ya Bipola

Jamaa wa Msambweni au Diani, huku kaunti ya Kwale, wakimwona kijana wao, aliyekuwa mpole, akikesha usiku kucha, akinena bila kituo na kugawa mali yake kwa kila apitaye, hutambua mara moja kwamba ana maradhi, na humkimbiza hospitali, au kwa mganga, au kote kuwili. Lakini kijana yuyo huyo, baada ya miezi kadhaa, ajifungiapo chumbani asile wala asitake kuonana na mtu, aghalabu huambiwa kwamba ni mvivu au kwamba imani yake imepungua. Dhuluma hiyo ni kubwa, kwa kuwa katika ugonjwa wa bipola, ambao humpandisha mtu katika msisimko kisha humshusha katika sonona, kushuka ndiko kulikochukua sehemu kubwa ya umri wa wagonjwa waliochunguzwa: wataalamu wa Marekani waliowafuata watu 146 kwa karibu miaka 13, na kutangaza matokeo mwaka 2002, waliona kwamba takriban theluthi ya majuma yao ilipita katika huzuni, na chini ya sehemu moja ya kumi katika kupanda.

Lithiamu, ambayo John Cade wa Australia alieleza manufaa yake mwaka 1949, pamoja na dawa nyingine za kutuliza hisia, ndiyo nguzo ya matibabu, na namsihi kila anayezitumia asiziache. Hata hivyo, dawa za kawaida za sonona zilipoongezwa juu ya hizo katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STEP-BD, hazikuvishinda vidonge vitupu visivyo na dawa ndani yake. Katika utafiti huo huo wagonjwa 293 waligawanywa kwa kura, baadhi wakapata vikao vitatu vifupi vya mafunzo, wengine tiba ya mazungumzo ya hadi vikao 30 katika miezi tisa. Na mwaka ulipotimia, watu 64 katika kila 100 wa kundi hili la pili walikuwa wameondokewa na sonona, ilhali katika kundi la kwanza walikuwa 52 hivi.

Mazungumzo hayo yalikuwa ya namna tatu. Moja humfunza mgonjwa kuzihoji fikira zake za kukata tamaa. Ya pili hukusanya watu wa nyumbani, wajue dalili za mwanzo na waseme naye pasipo lawama. Na ya tatu, iliyoasisiwa na Ellen Frank wa Pittsburgh, ndiyo niionayo kuwa karibu mno na maisha yetu, kwani huanza na daftari la saa: ameamka lini, amekutana na nani kwanza, amekula na kulala lini, maana kwa wenye maradhi haya kuvurugika kwa usingizi huweza kuamsha ugonjwa. Mvuvi avuaye usiku, mtumishi wa hoteli ya Diani anayebadilishiwa zamu kila juma, na yeyote akeshaye katika ngoma za harusi, wana haja ya kupanga jambo hili na tabibu wao; na Ramadhani ikikaribia, anayemeza lithiamu amwone daktari kabla ya kufunga, kwa sababu upungufu wa maji huweza kuifanya dawa hiyo kuwa sumu mwilini. Mwenye kuamka kwa adhana ya alfajiri kila siku tayari ana kigingi kimoja cha kufungia ratiba yake.

Haki yataka niseme pia kwamba utafiti wa Uingereza wa mwaka 2006, uliohusu wagonjwa 253, haukuona faida ya jumla katika ile tiba ya fikira; walioelekea kunufaika ni wale ambao maradhi hayajawarudia mara nyingi. Ndiyo maana kuchelewa kunaumiza. Tangu sheria ya afya ya akili ya Kenya irekebishwe mwaka 2022, serikali za kaunti zina wajibu wa kutoa huduma hizi, na kwa Kwale naomba wauguzi na washauri wafunzwe vikao hivyo kwa Kiswahili, Kidigo na Kiduruma, viwepo Msambweni na katika zahanati za vijijini, ili mgonjwa aliyeshuka, ambaye hata kutoka kitandani ni kazi, asilazimike kusafiri hadi hospitali ya Port Reitz, Mombasa, ndipo apate wa kumsikiliza.