Uandaaji wa Picha za Kidijitali kwa Maonyesho ya Runinga katika Taasisi za Umma

Ikisiri
Makala haya yanafafanua namna ya kuandaa picha za kidijitali zinazoonyeshwa kwa mfululizo kwenye runinga katika makumbusho, maktaba na taasisi nyingine za umma. Hoja yake kuu ni kwamba umbo la kioo cha runinga na namna kinavyotafsiri mwanga huweza kumwondoa mtu pichani au kuufifisha uso wake.

1. Umbo la Kioo na Umbo la Picha
Runinga za sasa zina uwiano wa 16:9. Ile ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, na ya 4K ina 3840 kwa 2160. Simu nyingi, kwa upande mwingine, hupiga picha za 4:3, na kamera nyingi za 3:2. Picha ya mlalo ya 4:3 ikikatwa ili ijaze kioo, hupoteza robo ya kimo chake. Ya 3:2 hupoteza takriban asilimia 16. Katika picha ya kikundi, hasara hiyo huwaangukia waliosimama safu ya nyuma na walioketi chini mbele.

Kwa picha ya kihistoria, kukata namna hiyo ni kupunguza ushahidi. Picha hiyo haina budi kuonyeshwa nzima, hata kama itaacha pande tupu: ya 4:3 huchukua pikseli 1440 kwa 1080 za runinga ya HD, na kubakiza 240 kila upande. Picha ya wima ya 3:4 huchukua upana wa 810 tu. Hivyo mbili zenye uhusiano zaweza kuwekwa bega kwa bega. Ukataji ubaki kwa picha za mandhari, nao uamuliwe na mtu, si programu.

2. Kingo
Baadhi ya runinga huikuza picha kidogo na kuficha kingo zake, desturi iliyorithiwa kutoka runinga za kioo cha mgongo. Kwa sababu hiyo, maandishi ya maelezo yawekwe ndani ya kila ukingo kwa angalau asilimia 5, yaani pikseli 96 kutoka pembeni na 54 kutoka juu na chini katika HD.

3. Mwanga na Rangi
Kompyuta hupima mwanga wa picha kwa viwango vya 0 hadi 255, ilhali video ya runinga kwa kawaida hutumia 16 hadi 235. Kifaa kikituma viwango vyote kwa runinga inayotarajia vile vichache, kila kilicho chini ya 16 huwa weusi mtupu, na kilicho juu ya 235 huwa weupe mtupu. Wanaoathirika mno ni watu wenye ngozi nyeusi waliopigwa picha kivulini: nyuso zao hupoteza sura. Tiba ni kuoanisha mipangilio ya vifaa hivyo viwili, wala si kuongeza mwanga katika picha yenyewe. Aidha, nakala za maonyesho zihifadhiwe katika rangi za sRGB, ambazo rangi zake za msingi ni zilezile za runinga ya HD.

4. Faili
Runinga nyingi hazisomi faili za HEIC zinazotolewa na baadhi ya simu. JPEG ya kawaida ndiyo salama zaidi. Picha za wima zigeuzwe kikamilifu, kwa kuwa baadhi ya runinga hupuuza alama ya mwelekeo iliyomo ndani ya faili. Majina yaanze na 001, 002 na kuendelea, ili mpangilio usivurugike.

5. Hitimisho na Mapendekezo
Mambo matatu yanafaa kuingizwa katika miongozo ya taasisi. Kwanza, faili asilia isiguswe. Marekebisho yote yafanywe kwenye nakala. Pili, nakala ikaguliwe kwenye runinga ileile itakayotumika. Tatu, picha yoyote iliyokatwa ielezwe hivyo, ili mtazamaji asidhani kwamba anaowaona ndio pekee waliokuwapo.