Kuku Hana Leso

Ndugu msomaji, umepata kumwona kuku akipenga kamasi? Hapengi kamwe, na pua yake ni safi kuliko za watoto wetu wengi wakati wa baridi!

Mshike mmoja jioni, umfungue mdomo taratibu. Juu, kaakaani, utaona ufa mrefu. Huo ndio mlango wa ndani wa pua. Puani mna ute unaonasa vumbi, na vinywele vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, huusukuma ute huo hadi kwenye ufa, naye kuku akaumeza. Vumbi likizidi hupiga chafya, hutikisa kichwa, ama hujikuna kwa ukucha.

Sasa, mama mwenye kuku, sikiliza. Vinywele hivyo vina adui, na mara nyingi adui huyo ni sisi. Kinyesi kikirundikana bandani na kupata unyevu, hutoa ile harufu kali inayokutoa machozi ufunguapo mlango asubuhi. Hewa hiyo hulemaza vinywele. Ute husimama, na ugonjwa hupata njia. Basi zoa kinyesi, tandaza nyasi kavu, acha matundu ya hewa juu. Wape na mchicha: wakikosa vitamini A, pua huweza kuziba kwa uchafu mzito.

Akivimba uso na kutoa kamasi linalonuka, yamkini ni mafua ya kuku. Mtenge siku ile ile, ukamwite bwana mifugo. Hata akipona aweza kuwaambukiza wenzake. Nasi humrudisha bandani kwa furaha, kisha twashangaa.